Je, wajua kwa nini mkate wa mayai unafura bila hamira wala bekin pauda?

Ukipita vichochoro vya Langoni pale Lamu wakati wa magharibi ya Ramadhani utakuta meza ndogo ndogo nje ya milango, kaimati kwenye bakuli, vibibi vimepangwa, mkate wa sinia umeshakatwa vipande, alafu pembeni kuna ule mkate wa kahawia juu na manjano ndani, mwepesi, ukiubonyeza na kidole unarudi. Huo ndo mkate wa mayai. Muulize mwenye meza ametia nini atakwambia mayai, sukari, unga na iliki, basi. Watu wa bara wakisikia hivo huwa hawaamini, wanadhani wanafichwa siri ya biashara, manake keki wanayoijua wao lazima iwe na bekin pauda ama hamira, sasa hii inafurishwa na nini?

Jibu fupi ni kwamba inafurishwa na hewa uliyoipiga kwa mkono wako pamoja na maji yaliyomo ndani ya yai lenyewe. Jibu refu ndo lenye raha, na ukilielewa utaelewa pia kwa nini mabibi zetu walikuwa wakali vile wakipika mkate huu, usitie hata tone la maji, usifunue, usilete mikono yako yenye mafuta hapa, watoto nendeni mkacheze nje. Mengi ya makatazo yale yana sababu zake. Machache, wallahi, yalikuwa ni kutaka tu jikoni kuwe kimya.

Tuanze na kipimo, hapo pia kuna akili. Nyumba nyingi za kwetu hazijawahi kuwa na mizani jikoni, kipimo ni glasi, glasi ya mayai, glasi ya sukari, glasi ya unga. Sio mayai sita wala manane, ni glasi. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo na la kuku wa kizungu ni kubwa, ukienda kwa kuhesabu mkate wa leo utatoka hivi na wa kesho vile, lakini ukiyavunja ndani ya glasi hesabu inajisawazisha yenyewe. Kwa glasi ya mililita 250 hayo ni kama mayai matano ya dukani, manake yai la kawaida bila gamba ni gramu 50 hivi, ya kienyeji yataingia zaidi. Ila usidhani glasi tatu zikiwa sawa na uzito pia ni sawa. Glasi hiyo ya sukari ni kama gramu 200, ya unga ni gramu 120 au 130 tu, yaani sukari imeushinda unga kwa mbali sana, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Wanaopunguza sukari nusu kwa sababu ya afya alafu wanalalamika mkate umetoka mfupi na mkavu, ngojeni kidogo tutafika kwenu.

Sasa mayai. Yai zima ni karibu robo tatu maji, kilichobaki ni protini na yale mafuta ya kwenye kiini. Protini za ute ni nyuzi ndefu zilizojikunjakunja, ukianza kuzipiga na mchapo zinajikunjua, na kwa sababu kuna sehemu za uzi zinazopenda maji na sehemu zinazoyakimbia, zinakwenda kujipanga pale pale maji yanapokutana na hewa, zinashikana, zinafanya ukuta mwembamba kuzunguka kila povu. Kila mchapo ukipita unaingiza hewa mpya na kuyakata mapovu makubwa yawe madogo, ndo maana mwanzo unaona mapovu makubwa kama ya sabuni na rangi ni ya njano kali, alafu polepole rangi inafifia inakuwa ya krimu na kitu kizima kinakuwa kizito na kimejaa bakuli. Ute peke yake ukipigwa vizuri unaweza kujaa mara sita mpaka nane ya ulivokuwa. Ukipiga na kiini pamoja haufiki huko, mafuta ya kiini yanazuia kidogo, lakini povu lake ukilipiga na sukari ni tulivu na halina haraka ya kuanguka. Kuna nyumba wanatenganisha, kuna nyumba wanapiga yote pamoja na sukari toka mwanzo, na kila nyumba inaapa kwamba ile nyengine haijui kupika. Kwetu ni pamoja, na mimi nitabaki hapo hapo.

Sukari ndo mlinzi wa povu. Inayeyuka kwenye yale maji ya yai na kuyafanya mazito, na maji mazito hayachuruziki haraka kutoka kwenye kuta za mapovu, kwa hivo povu halishuki wakati we bado unachunga unga. Tena kwenye moto inafanya kazi ya pili, inachelewesha yai kuganda na wanga wa unga kuiva, yaani inaupa mkate muda wa kupanda kabla haujashikana. Ukiitoa nusu umepoteza vyote viwili, unabaki na povu dhaifu na mkate unaoganda kabla haujamaliza kufura. Kama sukari ina shida na mwili wako kula kipande kidogo, lakini usiuonee mkate.

Na utajuaje mayai yameshakuwa tayari? Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaangalia saa. Bibi zetu hawakuangalia saa, walikuwa wanasema piga mpaka uandike jina. Unainua mchapo juu, povu zito lile la mayai linashuka kama utepe, unalitumia kuandika herufi juu ya bakuli, herufi ikikaa ukaweza kuisoma kabla haijazama basi tosha. Ikizama pale pale, rudi kazini. Kwa mashine ya umeme ni dakika nane mpaka kumi hivi, kwa mchapo wa mkono inaweza kufika nusu saa na mkono ukauma, ndo maana zamani kazi hii ilikuwa ya kupokezana, mmoja akichoka anampa mwenziwe, na wasichana wa nyumba ndo mashine yenyewe. Mayai yakiwa na joto kidogo yanapanda haraka kuliko yaliyotoka kwenye friji, na hapa pwani hilo si tatizo kabisa, ukiyatoa kwenye friji yaweke barazani tu kwa muda, hali ya hewa itakumalizia.

Tuje kwenye makatazo. La mafuta ni la kweli kabisa, tone la mafuta yaliyo huru linakwenda kujitandaza kwenye kuta za mapovu na kuwafukuza protini mahali pao, ukuta unapasuka. Kwa hivo bakuli lililokuwa na samli jana likaoshwa juu juu ni adui, na bakuli za plastiki ni mbaya zaidi kwa sababu plastiki inashikilia mafuta hata ukidhani umeosha, chukua la kioo ama la stili. La maji nalo lina ukweli ukitia mengi, unapunguza ukali wa protini na uzito wa sukari. La kutia matone ya ndimu ni zuri na lina kazi mbili, ukali wa ndimu unazisaidia protini za ute zishikane vizuri na pia unapunguza ile harufu ya mayai ambayo wengine hawaiwezi. Iliki na arki ya vanila ni kwa harufu na ladha tu, hazifurishi kitu. Lakini lile la kwamba lazima upige upande mmoja tu, kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza mkono umeharibu? Hilo halina msingi, povu halijui kulia wala kushoto, na ile mashine ya umeme yenye michapo miwili kila mmoja unazunguka upande wake na mkate unatoka vizuri tu. Msimwambie bibi nimesema mimi.

Unga unaingia mwisho, tena unga uliochungwa, na haupigwi. Ukishatia unga wewe weka mashine mbali, tumia mwiko mpana ama mkono wenyewe, vidole vimefunguliwa, unachota kutoka chini unaleta juu, unazungusha bakuli, unachota tena, mpaka huoni unga mkavu, hapo acha. Sababu ni mbili. Kila ukikoroga kwa nguvu unapasua yale mapovu uliyoyatolea jasho, na unga wa ngano ukikorogwa sana kwenye majimaji unatengeneza gluteni, ile nguvu ya kunyumbuka tunayoitaka kwenye chapati na mahamri, hapa hatuitaki, inafanya mkate uwe mgumu wa kutafuna.

Alafu moto, na hapa mimi naona ndo ufundi wa pwani ulipo. Nyumba nyingi za Lamu zimepika mkate huu miaka na miaka bila oveni, ni seredani, lile jiko la makaa, sufuria iliyopakwa samli, na sinia la bati juu lililopaliwa makaa. Kanuni kwa Kiamu cha jikoni ni moto mwingi yuu, tini mdogo, yaani juu mwingi, chini mdogo. Mtu asiyejua atauliza kwani moto si unapanda juu wenyewe, mbona makaa mengi yawe juu ya kifuniko? Ni kwa sababu chini sufuria imegusana na unga moja kwa moja, joto linapita kwenye chuma na kuingia mara moja, makaa machache yanatosha na yakizidi utapata mkate wenye tako jeusi. Juu ni tofauti, kati ya bati na mkate kuna nafasi ya hewa, na hewa haipitishi joto vizuri, kwa hivo bati lazima liwe la moto kweli kweli ndo litupe joto lake chini. Tena kuna jambo jengine dogo ambalo ni kubwa. Kifuniko kisichokuwa na makaa kinapoa, mvuke wa mkate unapanda unakigusa unageuka maji, maji yanadondoka juu ya mkate, ukifunua unakuta uso umelowa na una mashimo. Bati lenye makaa haliruhusu tone kukaa. Na ule uso wa kahawia tunaoupenda unatokea wakati sukari na protini zinapopata joto la kama nyuzi 140 na kuendelea, kitu chenye maji juu yake hakiwezi kupita nyuzi 100, kwa hivo bila moto wa juu ungekula mkate mweupe uliochemshwa.

Wanaotumia mchanga, wale wanaotia mchanga ndani ya sufuria kubwa alafu wanaweka sufuria ndogo juu yake, nao wana akili yao, mchanga unasambaza joto na kuzuia makaa yasiunguze sehemu moja. Ila juu bado utahitaji makaa.

Ndani ya sufuria kinachotokea ni mbio kati ya kufura na kuganda. Hewa iliyo ndani ya mapovu ikipata joto inapanuka, lakini hewa yenyewe toka joto la jikoni mpaka nyuzi 95 hivi inaongezeka kama moja ya tano tu, haitoshi. Kazi kubwa inafanywa na maji ya yai kugeuka mvuke na kuingia ndani ya yale yale mapovu, hapo ndo unaona mkate unapanda ukingoni mwa sufuria. Wakati huo huo protini za yai zinaanza kuganda, ute unaanza kwenye nyuzi 60 na kidogo na protini yake kuu inashika sawasawa karibu na nyuzi 80, na huko kwenye keki yenye sukari nyingi ni juu zaidi ya hapo, na wanga wa unga unafyonza maji na kuvimba. Kuta zikishaganda mkate umesimama, hata mvuke ukitoka hauanguki. Ukifunua kabla kuta hazijaganda, baridi inaingia, mvuke ndani ya mapovu unarudi kuwa maji, nafasi yake inabaki tupu na mkate unazama. Kwa hivo usifunue ni sheria ya haki kwa dakika ishirini za mwanzo. Kuhusu lile katazo la kubamiza mlango mkate ukiwa motoni, povu lililopigwa mpaka likaandika jina halianguki kwa mlango, hilo ni lile nililosema la kutaka ukimya. Ukifika wakati wa kuangalia, dunga kijiti cha chelewa katikati, kikitoka kikavu epua.

Sasa hiyo bekin pauda ambayo watu wanadhani ndo mama wa keki zote, ni mgeni wa juzi. Mwaka 1843 kule Birmingham, Uingereza, kulikuwa na mkemia anaitwa Alfred Bird, mkewe Elizabeth mwili wake ulikuwa haukubali mayai wala hamira, basi mume akakaa akachanganya magadi ya keki na kitu chenye ukali, kwamba vikilowa vitoe gesi ya kaboni dayoksaidi na kufurisha mkate wa mkewe. Miaka michache kabla alikuwa ameshamtengenezea kastadi ya unga isiyokuwa na mayai, mume gani huyo. Maana yake ni kwamba keki nyingi nyepesi zilizokuwapo kabla ya hapo zilifurishwa na hamira ama na mkono wa mtu na mayai, kama sisi. Wareno, hao hao ambao Vasco da Gama wao alitia nanga Malindi mwaka 1498, wana keki yao inaitwa pão de ló, mayai sukari unga, imepigwa. Waliofika Japani katika karne ya 16 waliacha huko keki ambayo mpaka leo Nagasaki inasifika kwayo, kasutera, mayai sukari unga, imepigwa, na wamezidisha asali ama shira ya wanga. Mkipata nafasi tazameni picha yake, ni mkate wa mayai uliovaa kanzu ya Ijumaa.

Na hapa watu wanachanganya jambo. Bekin pauda haitengenezi mapovu mapya, inayakuza yale ambayo tayari yapo. Ndo maana kwenye vikeki vya kwini, vile vidogo vya vikombe vya karatasi vinavyouzwa na chai, lazima kwanza usugue siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, chembe za sukari zinakata siagi na kuacha vijishimo vya hewa, alafu bekin pauda inakuja kuvijaza. Asiyesugua vizuri hata akitia vijiko vitatu atapata vikeki vizito vyenye ladha ya sabuni. Vile vidogo vinataka moto mkali na muda mfupi kwa sababu joto halina safari ndefu kufika katikati, na ukingo ukiganda mapema katikati bado inapanda, ndo unaona vimetoa kichwa na kupasuka juu. Mimi napenda hicho kichwa, wengine wanakikata wapake krimu, shauri yao.

Kutia bekin pauda kwenye mkate wa mayai siku hizi imekuwa mazoea, hasa kwa wanaopika wa kuuza, inaokoa mkono na inaokoa mayai. Siwalaumu, mayai yamepanda bei na mteja anataka kipande cha bei ile ile. Lakini utajua tu ukikata, matundu yanakuwa makubwa na hayalingani, na mkate unapoteza ile tabia ya kurudi ukiubonyeza. Kwangu mimi hiyo ni keki, nzuri, ila isiitwe mkate wa mayai.

Kuna kisa kimoja cha binamu yangu aliyeolewa Nairobi, alipika kipimo kile kile cha glasi, akapiga mpaka jina likaandikika, mkate ukapanda vizuri mpaka akafurahi, alafu ukazama katikati mbele ya macho yake. Akampigia bibi simu, "Bibi, kwani mayai ya huku yana nini?" Mayai hayana kitu. Lamu tuko usawa wa bahari na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,700, huko hewa haikandamizi sana kama ya pwani, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hivo mvuke unaanza mapema, mapovu yanatanuka kupita kiasi kabla kuta hazijaganda, yanapasuka, mkate unarudi chini. Dawa yake ni kwenda kinyume na mafunzo ya nyumbani kidogo, usipige mayai mpaka mwisho kabisa, acha jina lizame haraka kidogo, punguza vijiko viwili vya sukari ili uwahi kuganda, ongeza kijiko cha unga, na moto uwe mkali zaidi kuliko wa pwani. Hii ndo mahali pekee ninapokubali sukari ipunguzwe.

Mwisho kwa wanaouliza kwa nini mkate huu unakauka haraka kuliko keki ya dukani, ni kwa sababu hauna siagi wala mafuta ya kuushika unyevu, na wanga uliovimba ukishapoa unaanza kujipanga upya na kuwa mgumu. Kuuweka kwenye friji ndo unauharakisha, baridi ya friji ndo hali ambayo wanga unakauka kwa kasi zaidi. Uache kwenye chombo chenye kifuniko nje, uliwe siku ya kwanza na ya pili, ya tatu uchovye kwenye chai ya maziwa, ama uukate vipande vyembamba uurudishe kwenye moto mdogo mpaka ukauke kabisa uwe tosti ya watoto.